Kupimwa disleksia ukubwani Uingereza: Yafahamu haya kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu

MTU mzima aishiye Uingereza, ambaye kwa miaka mingi amejiuliza kwa nini ukurasa mmoja humchukua muda ambao wenzake husoma mitatu, hugundua jambo moja mapema anapoanza kutafuta jibu: huduma ya afya ya umma ya nchi hiyo, NHS, kwa kawaida haimpimi mtu mzima disleksia.

Akitaka kupimwa, mara nyingi itambidi alipe kutoka mfukoni mwake. Gharama ni paundi mia kadhaa, na kwa mhudumu wa nyumba ya wazee au mwanafunzi aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa hizo si fedha za kuchezea.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni karatasi hiyo itafungua mlango gani. Kwa aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili lipo na swali la pili, ambalo vijitabu vingi vya ushauri hulipita haraka: vipimo vyenyewe vilitungwa kwa ajili ya watu waliokua wakisoma Kiingereza.

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno kwa usahihi na kwa kasi. Wataalamu wengi huuhusisha na namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha. Haina uhusiano na uvivu, na humpata mwenye akili nyingi sawa na mwingine yeyote.

Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la kitabibu habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu katika mambo mengine yote, aliyeshindwa kusoma licha ya kufundishwa kwa miaka. NHS hukadiria kuwa hadi mtu mmoja katika kila watu 10 nchini humo ana disleksia ya kiwango fulani.

Dispraksia ni ndugu yake wa karibu, na wapo wenye zote mbili. Yenyewe hugusa uratibu wa mwili: mwandiko, kufunga vifungo, kuendesha gari, kupanga hatua za kazi. Njia ya kuipima ni tofauti, na tutaieleza mbele.

Haki isiyongoja ripoti

Watu wengi hulipa wakiamini kwamba bila ripoti hawana haki yoyote kazini. Imani hiyo haina msingi katika sheria.

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayotumika England, Wales na Scotland, humtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa kwa mfanyakazi mwenye ulemavu. Ulemavu kwa sheria hiyo ni hali ya mwili au akili inayoathiri kwa kiasi kikubwa shughuli za kawaida za kila siku, na iliyodumu au itakayodumu miezi 12 au zaidi. Kinachotazamwa ni athari. Jina la ugonjwa, au cheti chake, si sharti.

Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya masuala ya kazi iliamua kesi ya afisa wa polisi wa London aliyegundulika kuwa na disleksia mwaka 2004, baada ya kulitumikia jeshi hilo kwa miaka mingi. Alilalamika kwamba alikosa nafasi sawa katika mchakato wa kupandishwa cheo. Baraza la chini lilikuwa limesema athari kwake ni ndogo mno kuitwa ulemavu.

Mahakama ya rufaa ilikataa hoja hiyo. Ilisema afisa huyo asilinganishwe na mtu wa wastani mitaani. Alinganishwe na yeye mwenyewe kama angekuwa hana disleksia. Aidha, ilisema kufanya mitihani ya kazi ni sehemu ya shughuli za kawaida. Kesi iliamuliwa chini ya sheria ya zamani ya mwaka 1995, lakini hoja zake zingali zikitumika.

Hali kadhalika, mpango wa serikali uitwao Access to Work, unaosaidia kulipia programu za kompyuta, mafunzo ya mbinu za kazi na vifaa, haudai mwombaji awe na uthibitisho wa kitaalamu. Haulipii tathmini ya kuthibitisha disleksia, na foleni yake imekuwa ndefu.

Hata mtihani wa nadharia wa leseni ya udereva una njia yake. Mwenye shida ya kusoma anaweza kuomba muda zaidi kwa kutuma uthibitisho wa mwalimu au daktari, na akikosa huo, barua ya mtu anayeujua usomaji wake, kwa mfano mwajiri. Barua ya ndugu haikubaliwi. Tangu Aprili 2014 mtihani huo hausomwi tena kwa sauti katika lugha za kigeni, jambo lililowagusa wahamiaji wengi.

Kwa maneno mengine, anayetaka tu msimamizi wake ampe maelekezo kwa maandishi mapema, au amruhusu kutumia programu inayosoma maneno kwa sauti, aanze kwa kuomba. Barua fupi ya kueleza ugumu na msaada unaohitajika haina gharama.

Inapohitajika

Ripoti kamili huwa na uzito mahali pawili hasa. Pa kwanza ni chuoni. Mwanafunzi mwenye haki ya kupata fedha za serikali anayeomba posho ya wanafunzi wenye ulemavu kwa sababu ya disleksia hutakiwa kuonyesha ripoti ya tathmini. Zamani ilidaiwa ripoti iliyoandikwa baada ya mtu kutimiza miaka 16. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2019, hivyo aliyepimwa utotoni asikubali kulipishwa upya kabla ya kuuliza.

Mwanafunzi wa kigeni hapati posho hiyo. Hata hivyo chuo kinawajibika kwake kwa Sheria ya Usawa, na vyuo vingi vina ofisi inayotoa uchunguzi wa awali bila malipo. Vingine huchangia gharama za tathmini. Ni busara kubisha hodi hapo kwanza.

Pa pili ni panapotokea mgogoro. Mfanyakazi aliyekwisha kupewa onyo kwa makosa ya kumbukumbu za wagonjwa, na mwajiri wake akasema hajui lolote kuhusu disleksia, atahitaji zaidi ya maneno matupu. Hapo ripoti ya mtaalamu ina thamani ya kila senti iliyolipiwa. Aliye katika hali hiyo amwombe mwajiri, kwa maandishi, aigharimie, wapo wanaokubali.

Nani alipwe

Huku ndiko wengi wanakoibiwa. Nchini Uingereza neno mwanasaikolojia peke yake halilindwi na sheria. Mtu yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Yanayolindwa ni majina kamili kama mwanasaikolojia wa elimu au mwanasaikolojia wa kazi, ambayo tangu 2009 husajiliwa na baraza la HCPC. Orodha ya baraza hilo iko wazi kwenye intaneti na kuitafuta huchukua dakika mbili.

Kundi la pili ni walimu waliobobea katika tathmini, wenye cheti cha utendaji kinachohuishwa kila baada ya miaka mitatu. Chama cha disleksia cha nchi hiyo, BDA, kilichoanzishwa mwaka 1972, na chama cha walimu hao kiitwacho Patoss, husaidia kuwapata. Walimu hawa mara nyingi hutoza kidogo kuliko wanasaikolojia, na kwa disleksia ripoti zao hukubaliwa vilevile.

Jihadhari na jaribio la dakika 20 la kwenye kompyuta linalouzwa kama uthibitisho. Hilo ni la kuonyesha uwezekano tu. Jihadhari zaidi na anayepima kisha papo hapo anauza dawa, miwani ya rangi au mazoezi ya kuponya. Disleksia haiponi kwa kununuliwa kitu.

Siku ya tathmini

Tathmini yenyewe huchukua takriban saa tatu, pamoja na mapumziko. Kabla yake hutumwa dodoso refu kuhusu kuzaliwa, masikio, macho, shule na ndugu wenye shida kama hiyo. Kisha huja vipimo: kusoma maneno kwa kasi, kuandika kwa imla, kurudia tarakimu, kutaja haraka vitu vinavyoonekana, kueleza maana ya maneno, kupanga maumbo.

Matokeo huandikwa kwa alama ambazo wastani wake ni 100. Mtathmini haangalii jumla peke yake. Hutafuta pengo: mtu anayepata 115 katika kufikiri kwa maumbo na 78 katika kasi ya kusoma ana jambo la kuelezwa.

Ni katika vipimo hivi ndipo mwenye Kiswahili anapoweza kusomwa vibaya.

Chukua kipimo cha maneno yasiyo na maana. Msomaji hupewa neno la kubuni, tuseme “tabe”, alisome kwa sauti. Aliyelelewa na Kiingereza atalitamka kama “teibu”. Aliyejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu atasema “ta-be”, na kwa kanuni za lugha yake yuko sahihi kabisa. Mtathmini asiyejua hilo atahesabu kosa.

Au kipimo cha kuondoa sauti moja ndani ya neno. Sisi tulifundishwa silabi, na silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu. Kumtaka mtu aichomoe konsonanti moja katikati ya konsonanti tatu zilizobanana ni kumpima, kwa sehemu, jinsi alivyofundishwa darasa la kwanza.

Kurudia tarakimu nako kuna mtego wake. Mwaka 1980 watafiti Ellis na Hennelly walionyesha kwamba watu wenye lugha mbili, Kiwelshi na Kiingereza, walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelshi kwa sababu tu maneno yake huchukua muda mrefu kutamka. Lugha iliyotumika inaweza kubadili alama.

Lakini kosa la upande wa pili ni baya vilevile: kumwambia kila mgeni kwamba shida yake ni Kiingereza tu. Mwaka 2001 Paulesu na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti uliowalinganisha Wataliano, Wafaransa na Waingereza wenye disleksia. Wataliano, ambao maandishi yao hufuata matamshi karibu kama Kiswahili, walisoma vizuri kuliko wengine, lakini picha za ubongo zilionyesha dalili ileile kwa wote. Katika lugha za aina hiyo disleksia hujificha. Husoma bila makosa mengi, ila kwa mwendo wa kinyonga.

Wala Kiswahili si rahisi kuandika kama tunavyojigamba. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, katika utafiti wa mwaka 2003 juu ya tahajia ya Kiswahili, walihitimisha kwamba kujifunza kuandika lugha yenye kanuni thabiti bado ni kazi.

Kwa hiyo swali kuu ambalo mtathmini mzuri atauliza ni hili: ulisomaje Kiswahili ukiwa mdogo? Aliyekuwa akisoma gazeti vizuri akiwa darasa la nne, kisha akakwama alipokutana na Kiingereza sekondari, ana hadithi moja. Aliyekuwa wa mwisho kusoma ubaoni hata kwa Kiswahili, na mpaka leo huchoka na ujumbe mrefu wa simu kutoka nyumbani, ana hadithi nyingine. Kwa Mtanzania, aliyesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, ushahidi huo upo na hauna budi kutumika.

Kabla ya kulipa, mpigie mtathmini simu umuulize amewahi kumpima mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, na atayaandikaje matokeo yake. Akijibu kwamba haileti tofauti, tafuta mwingine. Waombe wazazi au ndugu wakupigie picha ripoti za zamani za shule. Maneno ya mwalimu wa darasa la tatu yana uzito kuliko kumbukumbu yako.

Kuhusu dispraksia, mlango wa kwanza uwe wa daktari wa kawaida wa NHS. Uthibitisho wake hutaka kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa mwingine wa neva au misuli, na kwamba dalili zilianza utotoni. Daktari anaweza kumpeleka mtu kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ingawa huduma kwa watu wazima ni chache na hutofautiana kwa maeneo. Mwalimu mtathmini anaweza kueleza dalili katika ripoti yake, lakini uthibitisho wa kitabibu hautoki kwake. Taasisi iliyokuwa ikiwahudumia watu hao, Dyspraxia Foundation, ilifungwa mwaka 2024, kwa hiyo vijitabu vinavyoelekeza huko vimepitwa na wakati.

Ripoti ikifika, isome, au isomewe kwa sauti, kabla ya kuipeleka popote. Kosa katika historia ya lugha au shule lirekebishwe na mtathmini mwenyewe. Ripoti hiyo ni mali yako. Mwajiri hana haja ya kujua ulizaliwaje wala ulipata alama gani katika maumbo. Ukurasa wa hitimisho na ule wa mapendekezo mara nyingi humtosha, na unaweza kumpa hizo mbili tu.