Siku mbili Glasgow: tiketi ya muziki kwanza, hoteli baadaye

Familia nyingi za Afrika Mashariki zinazoishi Uingereza hukaa muda mrefu bila kusafiri pamoja. Baba ana zamu ya usiku, mama anafanya kazi Jumamosi, watoto wana mitihani. Zikipatikana siku mbili za mapumziko, ni hasara kubwa zikiishia kwenye foleni na ugomvi wa nani alitaka kwenda wapi. Safari fupi inahitaji mpango kuliko ndefu, kwa sababu anayepoteza siku moja kati ya mbili amepoteza nusu ya safari.

Kwa familia inayopenda muziki, Glasgow ni chaguo zuri. Ni mji mkubwa kuliko yote Uskochi, uko kando ya mto Clyde, na mwaka 2008 UNESCO iliutambua kuwa Mji wa Muziki, wa kwanza Uingereza nzima kupata heshima hiyo. Jambo jingine linalopendeza mfuko wa mzazi ni kwamba makumbusho makubwa ya mji hayatozi kiingilio.

Onyesho moja linatosha

Wengi hulipia hoteli kwanza, kisha wanauliza mjini kuna nini. Glasgow inafaa kupangwa kinyume chake. Familia ikae pamoja, ichague onyesho moja ambalo kila mtu ameridhika nalo, inunue tiketi, ndipo itafute chumba karibu na ukumbi. Kurudi kwa miguu usiku na mtoto mwenye usingizi ni nafuu kuliko kusaka teksi.

Kumbi zenyewe ni za kila aina. Royal Concert Hall ilifunguliwa mwaka 1990, mwaka ambao Glasgow ilikuwa Mji wa Utamaduni wa Ulaya. Humo hupigwa muziki wa okestra, na kila Januari ni kitovu cha Celtic Connections, tamasha lililoanza mwaka 1994. Barrowland ni ukumbi wa dansi wa mwaka 1934. Uliungua 1958, ukajengwa upya na kufunguliwa tena 1960. King Tut's ni mdogo, unaingiza watu wapatao 300, lakini ni hapo ndipo bendi ya Oasis ilipoonwa na mwenye kampuni ya rekodi mwaka 1993, kabla haijajulikana. Nyota wakubwa wa dunia hupiga kwenye OVO Hydro, kando ya mto.

Kabla ya kulipa, mzazi asome masharti ya umri. Kila ukumbi una yake, na onyesho linaloruhusu mtoto kukaa kwenye kiti linaweza kumkataza kusimama mbele ya jukwaa. Hakuna jambo baya kama mtoto mmoja kurudishwa mlangoni.

Muziki wa bure

Muziki wa asili wa Uskochi husikika sana kwenye baa, ambako wapigaji hukaa kuizunguka meza moja bila jukwaa wala tiketi. Masikio yaliyozoea taarab yatatambua fidla na akodiani mara moja, ingawa mwendo ni wa kasi zaidi. Hata hivyo, baa nyingi haziruhusu watoto jioni, na si kila familia hupenda kuingia mahali pa pombe.

Kwa familia hizo bado kuna njia. Mtaa wa Buchanan, ambao haupitishi magari, hujaa wapigaji wa barabarani. Kwenye jumba la makumbusho la Kelvingrove, lililofunguliwa mwaka 1901, kinanda kikubwa cha mabomba hupigwa mchana, na wageni husikiliza bila malipo. Wanafunzi wa Royal Conservatoire, chuo cha muziki kilichopo katikati ya mji, nao hufanya maonyesho. Anayekwenda Agosti anaweza kukuta mashindano ya dunia ya bendi za zumari za Kiskochi, zile zenye mfuko wa hewa, yanayofanyika Glasgow Green.

Mchana na watoto

Kelvingrove peke yake inaweza kumaliza nusu siku: kuna ndege ya kivita iliyoning'inizwa darini, wanyama waliokaushwa na mchoro maarufu wa Salvador Dalí. Riverside Museum, iliyosanifiwa na Zaha Hadid na kufunguliwa 2011, ina magari, treni na tramu za zamani. Kuchagua jumba moja kwa siku kunatosha. Mshika mbili moja humponyoka.

Treni ya chini ya ardhi ni burudani yenyewe. Ilianza mwaka 1896, ina vituo 15 kwenye mzunguko mmoja, na kuuzunguka wote huchukua dakika 24 hivi. Mtoto hawezi kupotea njia. Akipitiliza kituo, treni itamrudisha.

Wenye vijana wakubwa wasiache historia. Jumba la sanaa za kisasa katikati ya mji lilikuwa nyumba ya tajiri wa tumbaku, na mashamba ya tumbaku hiyo yalilimwa na watumwa. Karibu na kanisa kuu la kale kuna sanamu ya David Livingstone, aliyesomea udaktari hapa. Mtoto aliyesoma habari zake shuleni anaweza kuelezwa pia kuhusu Chuma na Susi, walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo pamoja na wenzao.

Nauli, mvua na chakula

Treni kutoka London Euston huchukua kama saa nne na nusu. Tiketi za kununua mapema huwa nafuu, na kadi ya punguzo ya familia na marafiki huondoa theluthi moja ya nauli nyingi za wakubwa na asilimia 60 ya nauli za watoto wa miaka 5 hadi 15. Anayetoka Edinburgh husafiri chini ya saa moja.

Mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha tu. Koti lenye kofia linafaa kuliko mwavuli, kwani upepo huupindua. Desemba giza huingia kabla ya saa kumi jioni, lakini Juni mwanga hubaki hadi saa nne usiku, hivyo familia yenye watoto wadogo itafaidi zaidi kiangazi. Chakula cha halali si tabu, kwa kuwa mji una jamii kubwa ya watu wenye asili ya Pakistan na mikahawa yao ni mingi.

Mpango mzuri basi uwe mwepesi: jumba moja Jumamosi mchana, kupumzika hotelini, onyesho usiku, Jumapili kulala kidogo, kusikiliza kinanda Kelvingrove, kisha kituoni. Nafasi inayobaki wazi katikati isijazwe. Huenda hiyo ndiyo saa pekee ya mwezi ambayo familia nzima imekaa meza moja.