Heroe wa Ras Al Khor na Boriti za Lamu

Wengi wetu tuna jamaa Dubai, na mgeni akifika huko hupelekwa soko la dhahabu na kwenye majumba marefu. Ndugu msomaji, ukijaaliwa safari hiyo pamoja na aila yako, omba upelekwe pia Ras Al Khor.

Jina lenyewe si geni kwa sikio la Mswahili: ras ni kichwa, na khor ndilo hori letu. Hapo linapoishia hori la Dubai, maji ya chumvi yameenea juu ya tope, pana mikoko, na pana heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao huku twawajua kwa Ziwa Nakuru. Heroe huinamisha kichwa hata mdomo ukapinduka, akachuja tope kutafuta vijidudu. Chakula hicho ndicho kimpacho rangi. Huwa wengi zaidi majira ya baridi, Novemba hadi Machi.

Mgeni haingii matopeni. Hutazama akiwa ndani ya vibanda vilivyojengwa pembezoni, na adabu ya mahali ni sauti ya chini. (Watoto hutulia wenyewe, jambo la nadra.) Nyuma ya ndege huonekana Burj Khalifa. Ardhi ile ingeuzwa kwa bei isiyotamkika, lakini imeachwa, na mwaka 2007 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu.

Mikoko yake ni michu, iliyopandwa kwa mikono ya watu. Hili ndilo lililonigusa, kwani nyumba za kale za Dubai ziliezekwa kwa boriti za Lamu. Majahazi yalizichukua kwa upepo wa kusi, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti yetu, hadi Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1982. Walionunua mikoko sasa wanaipanda. Nasi tulioruzukiwa bila ya kupanda, tulitazame hori la Tudor hapa Mombasa: mikoko imekatwa kuni, na maji machafu ya mji yamiminika humo. Samaki wachanga na kamba hukulia mizizini; mkoko ukiondoka, mvuvi wa mtumbwi hurudi na wavu mwepesi.

Asiye na nauli ya Dubai aende Gazi, Kwale. Kinamama wa huko wana daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko, na wanakijiji hupanda miche na kuitunza. Fedha wazipatazo kwa hifadhi hiyo zimesaidia maji na skuli.