Kiti cha Shosho

Vyumba vingi vya kupanga Kibera, Nairobi, ni futi 10 kwa 10. Kwa mita, ukuta mmoja ni 3 na kidogo. Humo mna kitanda, meza, jiko na mitungi ya maji. Sasa mwambie shosho atembee mita 3, ageuke, arudi kuketi. Atagonga meza kabla hajafika popote.

Hicho ndicho kipimo walichokieleza Podsiadlo na Richardson nchini Kanada mwaka 1991: inuka kitini, tembea mita 3, rudi ukae, saa ikihesabu. Wataalamu wa afya Marekani husema mzee anayefikisha sekunde 12 yuko hatarini kuanguka. Hata mtaani Kawangware itabidi mpimane uani, chini ya kamba za nguo, watoto wakichungulia.

Mimi napendelea kipimo kisichotaka nafasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mzee ainuke kitini na kuketi mara 5 mfululizo, bila kujishika kwa mikono. Akipita sekunde 14, achunguzwe zaidi. Kochi linalozama halifai, na kigoda cha jikoni pia: kiti kikiwa chini sana, hata kijana ataguna.

Kwa nini kuinuka tu? Misuli ya paja ina nyuzi za kuvumilia na nyuzi za kufyatuka. Uzee hula zaidi hizi za pili, nazo ndizo humwokoa mtu ubao wa mtaro unapoteleza. Kwa hiyo shosho huendelea kwenda sokoni polepole, na hakuna anayeshtuka. Mwaka 1995 Jack Guralnik na wenzake walichapisha habari za Wamarekani zaidi ya 1,100 wa miaka 71 na kuendelea, wote wakijitegemea. Waliopata alama za chini katika kusimama, kutembea na kuinuka ndio waliokuwa hatarini zaidi kupoteza uwezo huo miaka 4 baadaye.

Ukimuuliza, "Shosho, magoti vipi?" atakujibu, "Ni hii baridi ya Julai tu, na uzee."

Hilo la uzee nalipinga. Mwaka 1990 Fiatarone na wenzake huko Boston waliwapa wazee dhaifu, umri wao wa wastani miaka 90, mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wiki 8. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Wahamasishaji wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba mwaka 2023 hubeba mashine za presha na sukari. Kiti wasibebe, kiko kwa shosho tayari. Jumapili ukienda kumsalimia, kiegemeze ukutani, simama karibu naye, uhesabu. Sekunde 14 zikipita, mpeleke kliniki kabla hajaanguka usiku akielekea choo cha ploti.