Mali Bila Daftari: Namna ya Kupata Nakala ya Hukumu ya Talaka



Mimi ni karani wa parokia. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu chuoni, ndiyo maana watu wa hapa huniita Mwalimu, ingawa siku hizi chaki siishiki tena. Kazi yangu ni madaftari: ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa na ya mazishi. Basi najua thamani ya karatasi, tena najua jinsi tunavyozidharau mpaka siku ya shida itufikie mlangoni.

Siku moja alikuja ofisini mama mmoja wa kigango cha mbali. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Akaketi, akafungua kitambaa, akaniwekea mezani vipande vya karatasi vilivyotobolewa na mchwa.

"Mwalimu," akasema, "hii ndiyo hukumu yangu. Nisomee."

Hapakuwa na kitu cha kusoma, ila nusu ya mhuri na neno moja moja. Nikamwuliza habari yake. Zamani mumewe alimwacha na watoto wanne, akaenda kuishi na mwanamke mwingine mjini. Mashauri ya wazee yaliposhindikana, kesi ikafika Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ikavunja ndoa yao mbele ya serikali, ikampa mama huyu sehemu ya shamba. Akalima hapo miaka yote, akasomesha watoto. Sasa yule mume amefariki, na shemeji zake wamekuja kumwambia, "Shamba hili ni la marehemu ndugu yetu. Wewe uliachwa, huna chako hapa. Kama unacho, tuonyeshe karatasi."

Karatasi ndiyo hiyo iliyoliwa na mchwa.

Ndugu zangu, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Lakini nilimwambia mama yule asikate tamaa, maana aliyopewa yeye ilikuwa nakala tu. Hukumu yenyewe hubaki katika jalada la mahakama. Kazi yetu ilikuwa kulitafuta.

KARATASI ZIPO ZA NAMNA NYINGI

Kwanza yafaa tujue tunatafuta nini. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo hutumika Tanzania Bara, shauri la talaka laweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi, au Mahakama Kuu. Kwa kawaida kabla ya kufika huko wanandoa hupita kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza likishindwa kuwapatanisha huandika hati ya kusema hivyo. Basi katika jalada moja mna karatasi kadhaa. Mna hati ya Baraza. Mna mwenendo wa shauri, yaani maneno ya wadaawa na mashahidi. Mna hukumu, inayoeleza sababu na mgawanyo wa mali na malezi ya watoto. Na ipo amri ya talaka, ambayo kwa maneno machache yasema ndoa imevunjwa tarehe fulani.

Mbali na hizo kuna cheti cha talaka. Hicho hakitoki kwa hakimu. Hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, baada ya talaka iliyoamriwa na mahakama kusajiliwa huko. Cheti chasema tu kwamba talaka ipo. Hakisemi nani alipewa shamba, wala nani alipewa watoto. Mwenye shida ya mali, kama mama huyu, aombe nakala ya hukumu.

Na barua ya mwenyekiti wa kijiji isemayo "hawa wameachana" si talaka. Ni barua tu. Ndoa ya Kikristo haivunjwi mbele ya serikali ila na mahakama.

KUTAFUTA MWAKA

Mahakama hupanga mashauri kwa namba na mwaka. Nilipomwuliza mama namba ya shauri, hakuijua. Nilipomwuliza mwaka, akasema, "Kitinda mimba wangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea."

Nikafungua daftari la ubatizo. Huyo kitinda mimba alizaliwa mwanzo wa mwaka 1997, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Mtoto huanza kutembea karibu na mwaka mmoja, basi kesi ilikwisha mwanzoni mwa mwaka 1998, na pengine ilifunguliwa mwaka 1997. Nikaandika miaka hiyo miwili kwenye karatasi, pamoja na majina yote ya mama na ya mumewe, ya ubatizo na ya ukoo. Tazama, ndugu msomaji: kama hukumbuki mwaka, kumbuka jambo lililotokea wakati ule. Ubatizo wa mtoto, msiba, mwaka mtoto alipoanza darasa la kwanza, vyote vina daftari lake mahali fulani.

Tukaenda mahakamani pamoja. Karani wa mahakama, kijana mwenye adabu, akamwamkia mama, akatoa rejesta za miaka ile. Tukatafuta jina la mama la ubatizo, hatukuliona. Mama akaanza kufuta machozi. Nikamwomba karani atazame jina la baba yake mzazi. Hapo tukaliona, mwaka 1997, na mbele yake namba ya shauri na jina la mumewe kama mdaiwa. Siku ile ya kesi aliandikwa kwa jina la nyumbani kwao. Basi ukitafuta, tafuta kwa majina yote, na kwa jina la mwenzako pia.

Jalada lenyewe halikuwapo pale. Majalada ya zamani yalikuwa yamehamishiwa ghala la wilayani. Tukaambiwa tuandike barua, turudi baada ya majuma matatu.

MFANO WA BARUA

Barua yenyewe si ngumu. Mtu yeyote aliyefika darasa la saba aweza kumwandikia mama yake:

"Kwa Hakimu Mfawidhi, Mahakama ya Mwanzo ya (jina la mahakama). Mimi (majina yote), niliyekuwa mdai (au mdaiwa) katika shauri la ndoa namba (taja) la mwaka (taja), kati yangu na (majina yote ya mwenzako), naomba nakala ya hukumu na ya amri ya talaka, zithibitishwe kwa sahihi na mhuri wa mahakama. Nazihitaji kwa sababu (eleza kwa kifupi). Niko tayari kulipa ada inayopasa."

Andika barua mbili zinazofanana. Moja iache mahakamani, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Chukua kitambulisho chako. Kama mhusika amefariki na wewe ni mwanawe, chukua cheti cha kifo na cheti chako cha kuzaliwa, ili ijulikane unaomba kwa haki. Ada za serikali siku hizi hulipwa kwa namba ya malipo, kwa simu au benki. Usimpe mtu fedha mkononi bila risiti. Nakala isiyo na mhuri usikubali, maana mbele ya wengine ni karatasi ya kufungia maandazi tu.

Hukumu za Mahakama ya Mwanzo huandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo mama aliisoma mwenyewe, polepole, kwa kidole.

KARATASI HAIPENDELEI MTU

Sasa nitasema lililotushangaza. Hukumu ilimpa mama sehemu ya juu ya shamba, kutoka njiani mpaka kwenye mwembe mkubwa. Lakini miaka mingi alikuwa akilima mpaka ng'ambo ya mwembe ule, karibu na mto. Hilo bonde hakupewa. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi bonde walichukue. La kwangu nitabaki nalo bila ugomvi."

Mbele ya wazee wa kijiji hukumu ilisomwa neno kwa neno. Shemeji zake walipoona mhuri, na walipomwona mama anaacha bonde kwa hiari yake, wakakosa la kusema. Mkubwa wao akasema, "Shemeji, tusameheane." Leo wanasalimiana.

Akina mama wajue pia kwamba jasho lao linahesabiwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini haki iliyoandikwa haikufai kitu kama huwezi kuionyesha.

NA KWA UPANDE WA KANISA?

Watu wengi huchanganya hapa. Talaka ya mahakama haivunji ndoa halali ya sakramenti. Kwa Kanisa mume na mke bado ni wa ndoa ile, mpaka mmoja afariki, au Mahakama ya Kanisa ichunguze na kutamka kwamba tangu mwanzo ndoa ile haikuwa halali. Tangu Desemba 2015, kwa agizo la Papa Fransisko, hukumu moja ya namna hiyo yatosha kama hakuna rufani. Zamani zilihitajika mbili. Mwenye kupeleka shauri huko huombwa mara nyingi nakala ya talaka ya serikali pamoja na cheti kipya cha ubatizo. Tena hukumu ya Kanisa nayo si talaka ya serikali. Kila moja ina nyumba yake.

Kama ndugu yenu aliachana na mwenzake ng'ambo, aandike huko huko. Kwa mfano Marekani hakuna ofisi moja ya talaka kwa nchi nzima. Jalada hutunzwa kwa karani wa mahakama ya kaunti ile iliyotoa talaka. Aombe hukumu kamili yenye mhuri, asiridhike na cheti kifupi.

Jambo la mwisho ndilo lililonigusa zaidi. Tulipokuwa tukirudi, mama aliniambia kwamba tangu siku ya hukumu hakupokea Komunyo. Alidhani talaka ilimtenga. Naye hakuolewa tena, aliishi peke yake na watoto wake. Nikamwambia, "Mama yangu, mimi ni karani tu, lakini Katekisimu yaruhusu talaka ya serikali ivumiliwe inapokuwa njia pekee ya kulinda watoto au mali. Na mtu aliyeachwa, asipooa wala kuolewa tena, hakutengwa. Nenda kwa Baba Paroko."

Akaenda. Waliongea nini si kazi yangu kujua. Jumapili iliyofuata nilimwona katika mstari wa Komunyo, nyuma ya wajukuu zake.

Basi wapenzi, usiku huu washeni taa, fungueni sanduku. Vyeti vya ubatizo, vya ndoa, vya kuzaliwa, hukumu na hati za shamba, vitieni katika mfuko wa nailoni, kisha katika bati lenye kifuniko, mbali na ukuta wa udongo. Toeni nakala moja, mkaiweke kwa ndugu mwaminifu. Na kwenye daftari la mtoto wa shule andikeni namba ya kila shauri, jina la mahakama na mwaka. Mchwa hawali kila daftari siku moja.