Mapenzi, Miti na Choo Chenye Kufuli

Mandhari ni bure, lakini benchi, njia na maji ya bombani lazima mtu avilipie. Mhariri wetu alianza kuuliza ni nani, baada ya mtoko wa kumbukumbu ya ndoa kumwishia kwenye kituo cha mafuta.

Mpenzi msomaji, mwezi huu tuongelee choo. Usicheke, na wala usifunue ukurasa wa mbele. Habari yenyewe ni ya mapenzi.

Ilikuwa kumbukumbu yetu ya ndoa, mwaka wa tisa. Kwa miezi kadhaa mimi na mume wangu tulikuwa tunaongea kwa mtindo wa "gesi imeisha" na "ada ya mtoto umelipa?" Hatukuwa tumegombana. Tulikuwa tumechoka tu, kila mtu na simu yake, kila mtu na upande wake wa kitanda. Basi siku hiyo mzee akaja na wazo: tusiende baa, tusiende hotelini. Twende mahali penye miti, sisi wawili, watoto wabaki kwa bibi yao. Nilifurahi, acha kabisa! Nikapika pilau, nikatia kwenye hotipoti, nikachukua khanga ya kutandika, nikavaa gauni ambalo lilikuwa halijaliona jua tangu mtoto wa pili azaliwe.

Tulikokwenda ni eneo la umma, lina mandhari ya kukusahaulisha madeni. Jina silitaji, wala wanaolisimamia, maana sikuja hapa kumharibia mtu kazi. Getini tulilipa kiingilio, tukapewa risiti. Benchi la kwanza tulilolikuta lilikuwa limevunjika mguu. La pili yalikuwa yamebaki misumari na chuma. Tukatandika khanga chini.

Saa nzima ikapita vizuri, tena vizuri sana. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mume wangu akaanza kunieleza jambo lililokuwa likimsumbua. Kazini kwao watu walikuwa wanapunguzwa, na yeye hakuwa analala vizuri. Alikuwa amelibeba peke yake miezi miwili! Nikamshika mkono, nikasikiliza. Na katikati ya sentensi yake, nikabanwa na haja.

Choo kilikuwa na kufuli. Nikamfuata mlinzi.

"Dada yangu, maji hayatoki tangu wiki ya juzi," akasema. "Na ufunguo anao bosi. Bosi yuko mjini."

"Sasa wageni wanakwenda wapi?"

Akatazama vichaka, halafu akatazama viatu vyake. Kijana mstaarabu.

Kichakani sikwenda. Nilikuwa na gauni refu, na nyoka nawaogopa. Tukakunja khanga, tukaingia kwenye gari, dakika arobaini mpaka kituo cha mafuta cha jirani. Yale mazungumzo hayakurudi siku ile. Mume wangu alisema neno moja tu njiani: "Lakini si tulilipa?"

Kwa kweli tulilipa. Ndipo nikaanza kuulizia pesa ya getini inakwenda wapi.

Nyumba moja, wenyewe wengi

Kwanza nikagundua kwamba sisi wapenda matembezi huwa tunasema "serikali" kana kwamba ni mtu mmoja aliyekaa dirishani. Kumbe kila sehemu ina mwenyewe. Hifadhi za taifa, ambazo sasa ni 21, zipo chini ya TANAPA, shirika lililoanza kwa sheria ya mwaka 1959. Ngorongoro ina mamlaka yake. Mapori ya akiba yapo chini ya TAWA. Misitu ya serikali, kama ule wa Pugu-Kazimzumbwi ambao wakazi wa Dar wanaufikia bila kulala njiani, ipo chini ya TFS. Ukivuka na boti kwenda Bongoyo au Mbudya kula samaki, umeingia kwenye eneo tengefu la bahari, na hilo nalo lina wasimamizi wengine. Bustani za mjini na fukwe nyingi ni za halmashauri.

Kwa hiyo choo kibovu cha ufukweni na choo kibovu cha msituni vinaweza kuwa na wakubwa wawili tofauti na mafungu mawili tofauti. Ukimlalamikia asiyehusika, utazungushwa mpaka uchoke.

Kibubu cha nani?

Sasa tuje kwenye pesa. Hapa naomba nitumie mfano wa ndani ya nyumba, maana ndio tunaoujua.

Tuseme mke ana genge lake. Kuna nyumba ambazo mauzo ya genge yanabaki kwa mama: ananunua nyanya, anaziba paa likivuja, na akibakiwa na chochote anachangia nyumbani. Kuna nyumba nyingine ambazo mauzo yote yanaingia kwenye kibubu cha familia, halafu mama akitaka mtaji anaomba. Mifumo yote miwili ina ndoa zinazodumu na ndoa zilizovunjika.

Hifadhi zetu zimeonja yote mawili. Kwa miaka mingi TANAPA walijiendesha kwa makusanyo yao wenyewe. Hifadhi chache za kaskazini, hasa Kilimanjaro na Serengeti, ndizo zilizowabeba wadogo zao ambao getini hawapati kitu cha maana. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ikageuza mambo. Makusanyo ya TANAPA, Ngorongoro na TAWA yakaanza kuingia Mfuko Mkuu wa Hazina, nao wakawa wanapewa matumizi kwa bajeti. Baadaye sheria iliguswa tena ili mamlaka hizo zirudi kubaki na sehemu ya kile wanachokusanya.

Usikimbilie kumlaumu yeyote. Mwaka huo huo wa 2020 ugonjwa wa korona ulifunga viwanja vya ndege duniani. Watalii kutoka nje, ambao mwaka 2019 walikuwa 1,527,230, wakashuka mpaka 620,867. Genge linalotegemea wateja wake tu, wateja wakipotea, mama analala njaa. Kibubu cha familia kina faida yake siku mbaya kama hizo: mishahara ya askari na doria haisubiri mzungu atue.

Lakini ubaya wake kila mwenye genge anaujua. Bomba limepasuka leo, pesa ya kuliziba inapita kwenye meza tatu. Na bajeti ikibana, kinachokatwa kwanza huwa ni kile kisicholia. Tembo akiuawa, nchi nzima inasikia. Benchi likivunjika mguu, anayejua ni wewe na mumeo.

Pesa ya mjomba

Kuna njia ya tatu, nayo ni kukopa. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, uliolenga kuinua utalii wa kusini: Mikumi, Ruaha, Udzungwa na eneo ambalo leo tunaliita Nyerere. Humo kulikuwa na barabara za ndani, viwanja vya ndege na majengo ya kupokelea wageni, yaani vitu vile vile tunavyovililia.

Aprili 2024 benki ikasitisha kutoa pesa, baada ya malalamiko ya wanavijiji wanaopakana na Ruaha kuhusu kuhamishwa na kutendewa ukatili. Novemba mwaka huo mradi ukafungwa. Mimi nilijifunza mambo mawili hapo. Pesa ya mjomba inaweza kukatika nyumba ikiwa haijaezekwa. Na mahali pa kupumzikia wewe na mimi hapawezi kuwa pazuri kama jirani wa mahali hapo analia.

Wenzetu nao

Tusijione wa mwisho duniani. Marekani, pamoja na utajiri wote ule, hifadhi zao zilifikia hatua ya paa kuvuja na vyoo kuharibika kwa kazi za ukarabati zilizoahirishwa miaka nenda rudi, mpaka mwaka 2020 wakatunga sheria ya kutenga hadi dola bilioni 1.9 kwa mwaka, kwa miaka mitano, kwa ajili ya ukarabati huo. Ila kuna kitu chao kimoja nilikipenda. Sheria yao ya mwaka 2004 kuhusu viingilio inataka angalau asilimia 80 ya pesa ibaki pale pale ilipolipwa. Ukilipa geti hili, bomba la geti hili ndilo linalozibwa.

Na jirani zetu wa Nairobi wana Karura, ule msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, ambao marehemu Wangari Maathai aliupigania miaka ya 1990 usigawiwe kwa wajenzi wa majumba. Kwa miaka mingi wananchi waliojiita Marafiki wa Karura waliusimamia bega kwa bega na Huduma ya Misitu ya Kenya. Viingilio vililipia walinzi, njia za kukimbilia na usafi, na wapenzi wakapata pa kutembea wameshikana mikono bila kuangalia nyuma. Agosti 2025 ikatangazwa kwamba malipo yote sasa yapite kwenye mfumo wa serikali wa eCitizen. Watu wakaja juu, suala likafika mahakamani. Hakuna aliyekuwa anabishia bei ya kiingilio kama alivyokuwa anabishia kibubu. Waliozoea kuona shilingi yao ikigeuka daraja la mbao waliogopa wasije wakaacha kuiona.

Mgeni ni nani?

Utaniuliza, mhariri, haya yote na penzi langu yanahusiana wapi?

Yanahusiana hivi. Barua tunazopokea hapa ofisini, nyingi zinasema jambo moja kwa maneno tofauti: "Hatuongei tena." Na ukimuuliza mtu mara ya mwisho alikaa na mwenziwe mahali pasipo na muziki, televisheni wala ndugu ilikuwa lini, anakaa kimya. Nyumba zetu ni ndogo. Sebule ina watoto, shemeji na tamthilia. Baa inataka pesa na ina kelele. Kwa wengi wetu mahali pekee pa kuongea kwa utulivu na kwa gharama ndogo ni pa umma: mti, ufukwe, kilima. Ndiyo maana mihogo ya Coco Beach haiishi wateja.

Sasa angalia. Mwaka 2024 nchi ilipokea watalii wa nje zaidi ya milioni 2.1. Watalii wa ndani walihesabiwa zaidi ya milioni 3. Sisi ni wengi kuliko wao! Lakini mgeni analipa kwa dola, sisi tunalipa kiingilio kidogo cha shilingi, na ni haki yetu iwe hivyo. Hatari yake ni kwamba anayepanga matumizi anaweza kumfikiria zaidi yule wa dola, mwenye hoteli yake na choo chake cha marumaru huko anakolala. Wewe uliyekuja na hotipoti, choo chako ni kile cha getini. Usipokidai, hakuna wa kukidai kwa niaba yako.

Kabla hamjatoka

1. Ulizeni mapema eneo lipo chini ya nani. Ndipo mtajua wa kumpongeza na wa kumlalamikia.

2. Pigeni simu kuuliza maji, choo na njia. Msione haya, mwanaume naye aulize.

3. Maeneo mengi hayapokei tena pesa taslimu. Ombeni kontrol namba, lipieni kwa simu, na hakikisheni mmepata risiti.

4. Mkikuta tatizo, andikeni barua fupi yenye tarehe na namba ya risiti. Maneno ya getini hayasafiri mpaka kwenye bajeti.

5. Takataka zenu rudini nazo. Mlinzi mmoja hawezi kuokota chupa za wapenzi mia.

Sentensi iliyobaki

Miezi minne baadaye tulijaribu tena. Safari hii tulipanda treni ya umeme mpaka Morogoro, tukalala hapo, asubuhi tukakodi gari na wenzetu wawili kwenda Mikumi, hifadhi iliyokuwepo tangu 1964, ile ambayo basi la Iringa linaikata katikati huku abiria wamesinzia. Tuliona twiga, tukaona tembo na mtoto wake. Kwenye bwawa la viboko, ambako mnaruhusiwa kushuka garini, nilitangulia mimi kukagua choo. Mume wangu akanicheka.

"Vipi, mama watoto, kinafaa?"

"Maji yapo," nikamjibu.

Tukasimama pale tukiwaangalia viboko wakipiga miayo. Wenzetu walikuwa wanapiga picha. Akaanza pale pale alipoishia, kama vile miezi minne haikupita. Kazi alikuwa bado anayo, lakini woga ulikuwa bado upo, na sasa alitaka tuupigie hesabu wawili: tukikosa mshahara wake, nyumba inasimama miezi mingapi? Tukahesabu kwa vidole, kiboko mmoja akitutazama. Ilitoka miezi mitano. Si mingi, lakini kwa mara ya kwanza tuliijua pamoja.

Haya, na wewe? Ni wapi mlikaa mara ya mwisho mkaongea mpaka jua likazama, na benchi lilikuwa na miguu mingapi? Tuandikie. Barua nzuri tutazichapa toleo lijalo.