Kasha Dogo, Hewa ya Chumvi

Karibu kila ushauri wa kuunda kompyuta yenye nguvu huanza na prosesa, ukaja kwenye kadi ya picha, na kasha likaachwa mwisho kama jambo la urembo. Ushauri huo umeandikwa Ulaya na Marekani, na majaribio yake hufanyiwa katika vyumba vya nyuzi 20 au 21 za Selisiasi, hewa kavu na umeme usiotetereka. Mtu wa Kibokoni au Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, akiufuata kama ulivyo, anaunda mashine ya nchi nyingine. Kisiwani Mombasa swali la kwanza ni hewa: ina joto gani, imebeba nini, na itapita wapi ndani ya kasha. Hilo likijibiwa, vifaa vingine hujichagua karibu vyenyewe.

Kasha dogo kwa mtu wa Mji wa Kale lina sababu yake. Nyumba nyingi zina ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali, na vyumba ambavyo zamani vilikuwa vya familia moja vimegawanywa wakakaa watu wa nyumba tatu. Anayehariri video za harusi huibeba mashine kutoka nyumbani kwenda kwa mteja na kurudi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor, anataka ya kuweka juu ya meza ile ile anayosomea. Na ingawa nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, zikafanya iwezekane kukodi kompyuta iliyo ng'ambo, video ghafi za harusi ya siku tatu ni mzigo mzito wa kupandisha mtandaoni. Nguvu bado inatakiwa iwe chumbani.

Udogo huu unawezekana kwa sababu ya vipimo viwili. Ubao mama wa Mini-ITX, uliobuniwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, ni mraba wa sentimita 17 kwa 17. Pawa saplai ya aina ya SFX ina milimita 125 kwa 100 kwa 63.5. Ukiviweka hivyo viwili pamoja na kadi ya picha nene, unaweza kufunga mashine ndani ya lita 10, au hata chini yake: kasha la DAN A4-SFX lina lita 7.2 tu. Watu hushindana nani apunguze lita zaidi. Kwa Mombasa ningeuacha ushindani huo kabisa, na sababu inahitaji hesabu kidogo.

Joto la chipu ni joto la chumba, ukijumlisha nyuzi zinazotokana na wati inazokula na uwezo wa kipoza chake. Nyuzi hizo za pili hazibadiliki sana ukihama nchi. Kinachobadilika ni zile za kwanza. Chipu iliyofika nyuzi 72 katika chumba cha nyuzi 21 itafika karibu 84 katika chumba cha 33, na nyuzi 33 ndiyo adhuhuri ya kawaida ya Machi hapa. Prosesa ya Ryzen 7 7800X3D hujipunguzia kasi yenyewe inapokaribia nyuzi 89. Nafasi iliyobaki ni nyuzi tano.

Sasa hewa yenyewe. Tuseme prosesa na kadi kwa pamoja zinatoa wati 300, na hatutaki hewa inayotoka iizidi inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10. Hewa yetu ya joto ina uzito wa kama kilo 1.15 kwa mita ya ujazo, na kilo moja ya hewa huhitaji takriban jouli 1,000 ili ipande nyuzi moja. Jibu linakuja lita 26 za hewa kwa kila sekunde. Kasha la lita 10, basi, inalazimu libadilishe hewa yake yote zaidi ya mara mbili na nusu kila sekunde, muda wote mtu anapotoa video yake. Vifeni vidogo vinaweza, lakini kwa kupiga kelele, na kwa kuvuta ndani kila kilichomo kwenye hewa hiyo.

Ndiyo maana ningechagua kasha la lita 15 hadi 18, lenye kuta za wavu na nafasi ya feni za milimita 120 chini na juu. Cooler Master NR200, lililotoka 2020, ni la kipimo hicho cha lita 18, na bado linakaa kwenye kona ya meza. Nyumba nzuri za mawe za hapa zilijengwa kwa akili hiyo hiyo: upepo uwe na pa kuingilia na pa kutokea, kwa sababu dirisha moja peke yake halileti upepo. Kasha la kioo mbele na kioo ubavuni, hata liwe zuri namna gani, liachwe dukani. Na mtu asitegemee kwamba hewa ya moto itapanda na kutoka yenyewe. Katika kimo cha sentimita 35, nguvu hiyo ni hafifu mno ukiilinganisha na feni moja inayozunguka taratibu. Elekeza feni zote njia moja, chini kuingiza na juu kutoa, na uinue kasha kidogo lisilale bapa juu ya meza.

Baada ya kasha ndipo inakuja bajeti ya wati, na neno bajeti hapa nalichukulia kwa uzito kama bajeti ya shilingi. GeForce RTX 5090 imepangiwa wati 575. Mtu aliyekaa kitako hutoa joto la kama wati 100; kwa hiyo kadi hiyo peke yake inapofanya kazi ni sawa na kuingiza watu karibu sita zaidi katika chumba ambacho tayari kina fukuto. Kuta nene za mawe ya matumbawe hazitakusaidia usiku, kwa sababu zimeshiba joto la mchana. RTX 5070 ina wati 250, na 5060 Ti ina 180. Hizo ndizo za kufikiria. Kwa prosesa, Ryzen 7 9700X yenye kiwango cha wati 65 inafanya kazi nyingi za uhariri bila taabu, ilhali Core i9-14900K inaweza kufika wati 253 kwa kazi zizo hizo. Tofauti ya dakika utakazookoa haifidii tofauti ya joto.

Halafu kuna zawadi ambayo wengi huiacha mezani, nayo ni kushusha volti. Umeme unaoliwa na chipu hufuata volti mara yenyewe, ukizidisha na kasi. Punguza volti kwa asilimia 10 bila kugusa kasi, na matumizi hushuka kwa karibu asilimia 19, kwa kuwa 0.9 mara 0.9 ni 0.81. Watengenezaji huweka volti ya ziada ili hata chipu dhaifu kuliko zote kiwandani zifanye kazi; yako huenda haiihitaji. Si kila chipu itakubali asilimia 10 kamili, lakini nyingi hukubali kitu, na programu za kurekebisha ni za bure. Ukitaka njia fupi zaidi, iwekee kadi kikomo cha asilimia 80 ya wati zake. Kasi itapungua kidogo sana, joto litapungua sana. Kwa maoni yangu hakuna kifaa cha kununua, kwa bei yoyote, kinachoisaidia mashine ya Mombasa kama robo saa ya kurekebisha hivyo.

Mpaka hapa nimezungumzia joto, jambo ambalo mtu wa Garissa pia analijua. Letu wenyewe ni chumvi.

Fungua kompyuta iliyokaa miaka mitatu karibu na Bandari ya Kale, madirisha yakiwa wazi. Kutu huanza kwenye skrubu, kwenye pembe zile ambapo bisibisi ilikwangua rangi. Halafu tazama meno ya shaba ya memori mahali yanapoingia kwenye ubao: utaona madoa ya kijani yaliyofifia, na mara nyingine unga mweupe. Vumbi lililoko kwenye mapezi ya kipoza si kavu, ukiligusa linanata. Mafundi wengi husugua meno hayo kwa raba ya penseli, na mashine huwaka. Lakini dhahabu iliyopakwa pale ni nyembamba, kwa kawaida haifiki mikromita moja, na kila ukisugua unaikwangua na kuiacha shaba wazi kwa safari ijayo ya upepo. Spiriti safi ya isopropili na kitambaa laini vinatosha.

Chumvi inafikaje? Mawimbi yanapopasuka hurusha matone madogo mno, maji yake yanakauka angani, na punje za chumvi zinabebwa na upepo, uwe wa kaskazi au wa kusi. Nyingi ni za mikromita chache tu, na matundu ya chujio la kawaida la kasha ni makubwa mara mamia kuliko hizo. Chujio litazuia nyuzi za nguo na manyoya ya paka, na hiyo ni faida, ila chumvi itapita.

Punje kavu ya chumvi haina madhara makubwa. Hatari inaanza inapofyonza unyevu wa hewa mpaka ikageuka tone la maji ya chumvi, kwa kuwa tone hilo hupitisha umeme na kula metali. Chumvi ya kawaida hufanya hivyo unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, na asubuhi nyingi za Mombasa hupita hapo. Kuna pia magnesiamu kloridi ndani ya chumvi ya bahari, ambayo hulowa hata kwenye asilimia 33, kwa hiyo usalama kamili haupo.

Sasa angalia linalofuata. Chukua hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, uipashe moto hadi nyuzi 38 bila kuongeza wala kupunguza maji yake. Unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 46, kwa sababu hewa ya moto ina nafasi kubwa zaidi ya mvuke. Kwa hiyo ndani ya mashine inayofanya kazi, iliyo na joto la nyuzi kumi zaidi kuliko chumba, chumvi ya kawaida inakaa kavu. Kompyuta inayotumika kila siku huliwa polepole kuliko ile iliyofunikwa kwa leso na kuwekwa juu ya kabati ikisubiri msimu wa harusi. Anayelazimika kuiweka aifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, pamoja na vifuko vya silika vilivyokaushwa.

Kutokana na hayo, uchaguzi wa vifaa unakuwa wa metali pia. Kipoza kiwe cha shaba iliyopakwa nikeli, kisiwe cha shaba tupu. Kasha la alumini iliyotiwa utando wa kinga ni bora kuliko chuma, na skrubu za chuma kisichoshika kutu hugharimu kidogo. Kipoza cha maji ningekiacha: pampu ni kifaa kimoja zaidi cha kuharibika, na hapa kubadilisha ni kuagiza na kungoja.

Kiyoyozi nacho kina mtego wake. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 hutoa umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi. Mashine iliyozimwa na kulala katika chumba cha nyuzi 20, halafu ikatolewa kupelekwa ukumbini, itatoa jasho ndani na nje. Iache saa moja au mbili ndani ya begi lililofungwa ipate joto la nje, ndipo uiwashe.

Kuhusu stima nitasema machache. Nunua pawa saplai ya SFX ya wati 650 au 750 yenye daraja la Gold, ambayo kwa nusu ya mzigo hupoteza chini ya asilimia 10, na yenye kapasita za nyuzi 105. Kila nyuzi 10 unazozipunguzia kapasita, umri wake huongezeka kama maradufu. Saplai ya kawaida huweza kushikilia mashine kwa milisekunde 16 hivi umeme unapokatika, muda usiotimiza hata mzunguko mmoja wa mkondo wetu wa hezi 50. Kwa hiyo UPS, yaani betri ya akiba, si hiari. Iwe ya kutoa wimbi laini, kwani zile za bei rahisi hutoa mkondo wa ngazi-ngazi ambao baadhi ya saplai za kisasa huukataa na kuzima pale pale.

Mashine ikishafungwa, usiijaribu usiku wa Julai kusi ikivuma ukasema imepita. Ijaribu adhuhuri ya Februari au Machi, madirisha kama unavyoyaacha siku zote, video ikitoka kwa nusu saa mfululizo. Kadi ikipita nyuzi 80, ipunguzie wati tano tano hadi ishuke, kisha uandike kiwango hicho kwenye kikaratasi ukibandike ndani ya kasha, fundi wa baadaye akione.