Kicheko na Sauti ya Mwenyeji: Calabuch (1956) na "Filamu ya Mapanki" ya Mwanza (2004)

Makala haya yanafafanua nafasi ya ucheshi katika kusawiri jamii zinazoishi kando ya maji. Data zake ni filamu mbili: Calabuch, komedia ya Luis García Berlanga iliyopigwa Peñíscola, Hispania, na Darwin's Nightmare, filamu ya hali halisi ya Hubert Sauper wa Austria, iliyopigwa Mwanza na kujulikana nchini kama "filamu ya mapanki". Hoja kuu ni kwamba kicheko hudhihirisha nani ana nafasi ya kumpima mwenzake: mwenyeji au mgeni.

Katika Calabuch, mgeni ni profesa wa silaha za nyuklia anayetoroka kazi yake na kujificha kijijini. Wenyeji hawamjui. Anawekwa mahabusu, lakini mahabusu hiyo haimzuii mtu kutoka. Elimu yake anaitumia kutengeneza fataki za sikukuu, nazo ndizo zinazofichua alipo. Manowari za Marekani zinapowasili, wanakijiji wanajipanga kumtetea kwa mikuki na kofia za askari wa Kirumi. Mtazamaji hucheka pamoja nao, kwa kuwa wao ndio walioamua thamani ya mgeni wao. Methali isemayo "mgeni njoo, mwenyeji apone" inageuka: anayepona hapa ni mgeni.

Katika filamu ya Mwanza, mgeni mkuu haonekani, kwani ndiye mwenye kamera. Minofu ya sangara inapakiwa ndegeni kwenda Ulaya, ilhali mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki viwandani, yanakaushwa kwa ajili ya wenyeji. Filamu inazihusisha pia ndege hizo na biashara ya silaha. Mwaka 2006 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani. Mjadala ulijikita katika ukweli wa madai hayo. Suala la usawiri halikupewa uzito uleule: mvuvi na mchuuzi wanaonekana wakiteseka, lakini utani wa mwaloni, ambao kwao huwapima matajiri na wageni, umepata nafasi finyu.

Inaweza kudaiwa kuwa komedia huficha dhiki. Hata hivyo, Berlanga alifanya kazi chini ya udhibiti wa utawala wa Franco, na kicheko kilimwezesha kuhoji nguvu za kijeshi bila kuhutubu. Kwa hiyo, heshima ya Mwanza haitegemei kuyaficha mapanki. Inategemea kumpa anayeyakausha nafasi ya kumtazama, na hata kumcheka, anayempiga picha.